Kosa la Mwaka wa Nyota Yenye Mkia

"Nieleze tena," alisema Bi Mkasi, "na safari hii usiniambie umeumia. Nimeshaona umeumia. Niambie nini kimeibwa na nani alikuwa nacho."

Jina la Bi Mkasi alilipata kituo cha polisi, kwa kuwa hukata maneno ya watu katikati, awe mshitakiwa, awe mkubwa wake wa kazi. Ilikuwa saa tano asubuhi. Saa tisa alasiri bodi ya nyumba hii ya uchapishaji ingekutana kumfukuza kazi mwanamke mmoja na kupeleka jina lake mahakamani, na mpaka sasa hakuna aliyemwonyesha Bi Mkasi ushahidi wa maana. Alichoonyeshwa ni hasira tu.

Mhariri Mkuu akavuta pumzi. Mezani kwake palikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni rundo la karatasi ndani ya jalada la kijani: Kitabu cha Miaka, kurasa mia tano, kazi ya miaka kumi na mmoja. Kila ukurasa ni mwaka mmoja wa zamani za kale, umeandikwa kwa hesabu za mataifa yote yaliyouishi, Warumi waliuitaje, Wayunani, Wayahudi, Wababeli, Wachina. Cha pili ni kitabu kamili, kinanukia gundi, kilichotolewa juzi na kampuni ya jirani. Ukivifungua pamoja ni kitu kile kile. Wamebadilisha jalada tu, watu hawana haya.

"Wao wanasema walikipata kwa posta," alisema Mhariri. "Bahasha haina jina. Karatasi zimepigwa chapa upya zote, mwandiko wa mtu haumo."

"Aliyepeleka alidai nini?"

"Hakudai kitu. Hata asante hakudai."

Bi Mkasi akaandika hilo na kulipigia mstari. Mwizi anayetaka kitu hukamatwa siku anapokwenda kukichukua. Huyu hajaja kuchukua chochote, basi alichokitaka ameshakipata.

"Na wewe umejuaje kuwa ni cha kwenu? Warumi ni wa kila mtu."

Mhariri aliangalia mlango kwanza. "Nilitega, Afande. Nakala ya mwisho ilipokuwa tayari nilijifungia humu peke yangu, nikachagua miaka kumi, na katika kila mmoja nikaharibu namba moja. Kabla ya kwenda mitamboni ningezirudisha. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Orodha iko kwenye sefu. Sasa fungua hiki chao. Makosa yangu tisa yamo humo, yamekaa vile vile nilivyoyapanda."

"Umesema kumi."

"La kumi limesahihishwa. Mwaka mia mbili na arobaini Kabla ya Kristo. Ukurasa wa Nyota."

Nyota ndiye mwanamke aliyekuwa amefungiwa chumba cha pili. Jina hilo alibandikwa kazini kwa sababu ya ukurasa huo huo. Mwaka ule ilionekana nyota yenye mkia, Wachina wakaiandika, wakasema ni mwaka wa saba wa mfalme wao wa Qin, na yeye kwa kuishika nyota ile akaufunga mwaka mzima kwa mataifa yote hata usitikisike. Ukurasa ulisomwa mbele ya wageni. Mhariri alimpandisha ghorofa ya juu, akaanza kumwita binti yangu mbele ya kila mtu.

"Nakala zenye mitego zilikuwa ngapi?"

"Mbili. Moja kwenye sefu. Ya pili nilimpa yeye aende nayo nyumbani wiki moja kutengeneza fahirisi. Si kuhariri, Afande, ni kuokota majina ya watu na ya miji na kuyaandikia kurasa. Akairudisha. Sasa nani mwingine aliigusa? Na nani mwingine angeliona kosa la ukurasa ule na kulirekebisha, kama si mwenye ukurasa? Mkono ulimwasha! Nilimwita binti yangu. Binti yangu kabisa!"

"Ulipanda namba gani pale?"

"Kwenye mstari wa Babeli nilipanda sabini na nne. Wao wana sabini na tatu."

"Na jibu sahihi ni ngapi?"

Mhariri akajikuna kidevu. "Inategemea unamuuliza nani. Humu ndani watu wameacha kusalimiana kwa ajili ya namba hiyo."

Bi Mkasi alimtazama vizuri. Saa nzima anapigiwa kelele za binti yangu, binti yangu, kumbe jambo lenyewe limekaliwa hapo.

Nje ya mlango alimkuta katibu muhtasi amesimama karibu kuliko inavyopasa.

"Mimi sisemi mtu," alianza katibu bila kuulizwa. "Ila mkoba wa Nyota niliuona. Jioni ile ya nakala aliubeba kama kabeba mtoto. Miaka kumi na minane nafanya kazi hapa, Afande, bosi jina langu bado analikosea. Yeye kaja juzi tu, kawa binti."

"Funguo za sefu ziko kwa nani?"

"Kwa bosi mwenyewe, shingoni. Hata kuoga nasikia anaoga nazo."

"Na mashine ya kunakili?"

"Inaandika kila karatasi inayopita. Nimeshakagua kabla yako. Hakuna." Alilisema hilo kwa masikitiko makubwa.

Nyota aliketi katikati ya marobota ya karatasi tupu, viatu amevua. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti kavu. Mbele yake kikombe cha chai kimeota utando.

"Baba watoto ameniletea," alisema alipoona Bi Mkasi anakitazama. "Maskini, anapanda ngazi kila mara kuniuliza wamesemaje. Kazi zake amezisimamisha."

"Anafanya kazi hapa hapa?"

"Chini, idara ya kalenda za ukutani. Zile za maduka ya dawa na mabenki. Zamani alikuwa huku juu na sisi."

Bi Mkasi akafungua kitabu cha kampuni jirani kwenye ukurasa wa mwaka ule na kuuweka mbele yake bila neno. Alitaka kuona macho yatakwenda wapi. Yalishuka taratibu: Warumi, mia tano na kumi na nne tangu mji wao ujengwe. Sawa. Wayunani, mwaka wa kwanza wa michezo yao ya kila miaka minne, ya mia na thelathini na tano. Sawa. Wayahudi, elfu tatu mia tano ishirini na mbili. Sawa. Kisha yakagonga mstari wa Babeli na kusimama.

"Hii nani kaandika?"

"Unaniuliza mimi?"

"Sabini na tatu! Mimi niliandika sabini na mbili. Afande, huu ni ukurasa wangu neno kwa neno, halafu mtu kaja kunitia hii katikati!" Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alionekana ametukanwa hasa. Wizi aliulilia, lakini hii ilimpandisha moto.

"Nifafanulie kama unamfafanulia mtu mjinga."

"Hesabu hii huanzia enzi ya mfalme mmoja, Myunani aliyeitwaa Babeli. Wayunani wake walianza kuihesabu mwezi wa kumi. Wababeli wakangoja mpaka mwaka wao mpya, mwezi wa nne unaofuata, ndipo nao wakaanza moja. Kwa hiyo Wayunani siku zote wako mbele nusu mwaka. Kanuni yetu ni kuandika mwaka ulioanza ndani ya mwaka wetu huo. Ulioanza Babeli ni wa sabini na mbili. Ulioanza kwa Wayunani ni wa sabini na tatu. Sasa mstari umeandikwa Babeli, wewe unaniwekea wa Wayunani wa nini?"

"Sabini na nne je?"

Nyota alimshangaa. "Sabini na nne ya wapi? Hiyo haipo kwa mtu yeyote."

Bi Mkasi akafunga daftari. Ama mwanamke huyu ni mwigizaji wa kulipiwa kiingilio, ama hajawahi kuiona ile sabini na nne. Wiki nzima alikuwa na nakala mkobani akiokota majina ya wafalme na miji, mstari wa namba hakuutazama. Na kama angeutazama angeandika sabini na mbili.

"Nani humu ndani anaanza hesabu mwezi wa kumi?"

Nyota alisita. "Babu Kadi," alisema mwishowe. "Lakini Babu hawezi kuiba."

"Kila mtu hawezi, mpaka aweze."

Babu Kadi alikuwa mzee kuliko kabati zilizomzunguka. Alikuwa ameandika kadi elfu kumi na mbili za miaka na wafalme kwa mkono, na jicho moja lilikuwa bado na kitambaa cha upasuaji.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Nimekungoja. Umeshaambiwa kuwa nina wivu na yule msichana?"

"Bado. Unao?"

"Sana!" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Miaka thelathini nawaambia mwezi wa kumi, mwezi wa kumi. Anakuja binti niliyemfundisha mwenyewe kushika kalamu, ananiambia Babu, Babeli ni kwa Wababeli, waache wahesabu wenyewe. Mbele ya watu! Nilikaa siku tatu sili vizuri."

"Kitabu cha jirani kina sabini na tatu."

Kicheko kilikatika. "Na chini yake? Pana maelezo gani?"

"Hapana kitu. Namba tu."

"Basi si mimi." Alisema kama mtu aliyeonyeshwa shati la mtu mwingine. "Mimi nikishinda ugomvi wa miaka thelathini, mjukuu wangu, niuweke pale kimya kimya bila mstari wa maelezo? Bila jina langu? Ningeandika nusu ukurasa! Isitoshe, nakala ya mwisho sijaiona. Daktari kanikataza maandishi madogo mpaka mwezi ujao. Muulize."

Bi Mkasi alikuwa ameelezwa na Nyota habari za jicho, na daktari ameshamuuliza, kwa simu, akiwa kwenye ngazi. "Ulimfundisha nani mwingine?"

"Hesabu hizi? Wawili tu maisha yangu yote. Mmoja akaniasi, ndiye yule." Mzee alianza kupanga kadi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Wa pili hakuniasi. Yule hata ukimwamsha usingizini atakwambia mwezi wa kumi. Alikuwa hodari, Afande. Tulimwita Fundi. Sasa anachora kalenda za maduka ya dawa. Na siku hizi humu ndani kila mtu anamwita Shemeji."

Mzee hakuinua jicho lake moja.

"Sikusema kitu," alisema.

"Hukusema," alijibu Bi Mkasi.

Saa nane kasoro alirudi kwa Mhariri na kumtaka achape upya ukurasa wa nyota, safi, kama Nyota alivyouandika tangu mwanzo, Babeli sabini na mbili. Akamwomba akae kwenye kiti chake na afunge mdomo. Nyota akaletwa, akaketi dirishani. Kisha akaitwa Shemeji.

Aliingia akifuta wino vidoleni, mtu mrefu, nadhifu, shati limepigwa pasi na mtu anayejua kupiga pasi. Kwanza alimwendea mkewe, akamshika bega. "Umekula, mama?" Nyota akatikisa kichwa.

"Kaa, shemeji," alisema Bi Mkasi. Aliona taya lake likikaza. Vizuri. "Bodi inataka mtu wa tatu aupitie huu ukurasa kabla ya saa tisa. Babu macho mabovu. Nikaambiwa zamani na wewe ulikuwa unajuajua hesabu hizi."

"Nilikuwa najuajua," alirudia Shemeji.

Aliusoma kwa haraka mno. Mtu huyu, Bi Mkasi alishaulizia chini, mwezi uliopita alisimamisha mtambo wa kuchapa kwa sababu mwezi mchanga mmoja ulikuwa umekaa tarehe isiyo yake. Leo mistari yote aliimaliza kabla kalamu haijafunguliwa.

"Uko sawa," alisema, akaurudisha.

"Wote? Hata Babeli?"

"Mimi ni mtu wa kalenda za ukutani, Afande. Waulize wakubwa."

"Nilivyoambiwa ndivyo basi." Bi Mkasi alipiga miayo, akaanza kukunja karatasi. "Mkeo alisema nisikusumbue. Alisema mambo haya yalikushinda, ndiyo maana ukapelekwa chini."

"Sikusema hivyo!" Nyota aliruka.

Lakini Shemeji hakuwa anamsikiliza mkewe. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni.

"Yalinishinda mimi?" Aliuliza kwa sauti ya chini kabisa. "Mimi niliyemsomesha huyu usiku na mchana wakati Babu amemkatia tamaa? Nani alimfundisha kuufunga mwaka kwa nyota? Nani? Halafu wanakuja wageni, wanapiga makofi, mimi nimesimama nyuma nimeshika sinia la vikombe. Mimi! Hata mfagiaji sasa ananiita Shemeji. Shemeji wa nani? Mimi nina kazi yangu!"

"Baba watoto..."

"Kaandika sabini na mbili, ndiyo, leo, kwa sababu ameshaaibika!" Alipiga karatasi kwa kidole. "Ni sabini na tatu. Mwezi wa kumi, ni sabini na tatu. Muulizeni mbona kwanza aliandika sabini na nne! Sabini na nne! Hata mtoto asingeandika. Ukurasa mzima wa kusifiwa, na katikati kosa la mtoto, na hakuna hata mmoja wenu aliyeliona. Mimi nililiona!"

Mhariri alikuwa ameshika funguo zake shingoni.

"Uliliona wapi?" aliuliza Bi Mkasi.

Shemeji alimtazama Mhariri, akamtazama mkewe, akatafuta karatasi mezani kana kwamba angeikuta namba ile pale, imwokoe. Ilikuwa sabini na mbili.

"Sabini na nne ilikuwa kwenye nakala mbili tu duniani," aliendelea Bi Mkasi. "Moja iko kwenye sefu na haijatoka. Nyingine ililala kwako wiki moja, mkobani mwa mkeo. Uliipiga chapa upya lini? Yeye akilala?"

"Mchana," alisema Shemeji. "Nilichukua likizo ya ugonjwa. Fahirisi aliifanya jioni, mchana alikuwa hapa na nakala iko nyumbani." Sasa alizungumza kama mtu aliyechoka kubeba. "Sikutaka kitu kwao, Afande. Nilitaka vitabu viwili vitoke. Watu wavilinganishe, waone cha kwake kina kosa, cha wale hakina. Mara moja tu katika maisha yake aonekane amekosea. Sikujua watamshika yeye. Ningejua..."

"Ungesema? Tangu asubuhi ameshikwa. Umepanda ngazi mara ngapi?"

Shemeji akaanza tena kufuta vidole vyake.

"Mwambie," Bi Mkasi alimgeukia Mhariri.

Mhariri alikohoa. "Ile sabini na nne si ya mkeo. Niliipanda mimi, mtego. Yeye aliandika sabini na mbili siku ya kwanza, na hajaibadilisha."

Shemeji akaketi kwenye kiti alichokikataa mwanzo. Zile siku zake zote za kupiga chapa, ile furaha aliyokaa nayo mwezi mzima akimtazama mkewe mezani wakila, ilikuwa juu ya kosa ambalo mkewe hakulifanya.

Bi Mkasi akavuta fomu ya maelezo. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo na mbaya. "Bibi, nakuuliza swali moja, na jibu lako ndilo nitakalopeleka kwa bodi. Mumeo alikuwa na ruhusa yako kuufungua mkoba ule? Kama alikuwa nayo, ni uzembe wa nyumbani, mtagawana lawama na kazi utaikosa. Kama hakuwa nayo, wewe huna hatia, na yeye anakwenda na mimi."

"Sema ulinipa," alisema Shemeji haraka. "Mama, tuna watoto. Sema ulinipa, tutaanza upya, kazi zipo nyingi."

Nyota alisimama, akaja mpaka mbele ya kiti chake. Hakuwa analia.

"Kurasa mia tano umezipiga chapa kwa mkono wako," alisema. "Zote umezisoma. Upi ulikuwa mzuri kuliko zote?"

"Mama, si wakati wa..."

"Nijibu. Wewe unajua, wengine hawa wanapiga makofi tu. Upi?"

Shemeji aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, na Bi Mkasi, kwa mara ya kwanza siku ile, hakumkata mtu.

"Wako," alisema.

"Miaka miwili tangu niuandike," alisema Nyota. "Nilikuwa nakungoja wewe tu uniambie."

Akamgeukia Bi Mkasi. "Hakuwa na ruhusa," alisema, akanyoosha mkono apewe kalamu.